Jinsi Nilivyomlisha Hashuki wa Nzioka

Ninyi mnaochonga sasa pale banda la Matiliku, mnaowasha grainda kabla hata hamjaugonga mti mkausikia, hebu zimeni kidogo. Nimestaafu. Vumbi la mti limenitoka kifuani kiasi kwamba naweza kumaliza sentensi bila kukohoa, na kuna mambo ya kazi nataka kuwaachia. Shida ni kwamba kila nikianza, Nzioka anaingia. Nimejaribu kuyaeleza bila Nzioka mara mbili na haiwezekani. Basi naye yumo, tumvumilie.

Nianze na kiboko, kwa maana mimi ni mtu wa kiboko.

Leo mtu anachonga anachotaka. Asubuhi twiga, mchana simba, jioni kishikilia simu. Zamani zetu haikuwa hivyo. Ulipomaliza kujifunza, fundi wako hakukupa cheti, alikupa mnyama. Tangu siku hiyo huyo mnyama alikuwa wako, na hakuna mtu bandani aliyemgusa bila kukuuliza. Mteja akitaka twiga, anapelekwa kwa Wambua. Wambua akiwa amelewa, mteja anangoja Wambua azinduke. Sheria hiyo haikuandikwa mahali popote, na nafikiri ndiyo maana hakuna aliyeweza kuipinga.

Fundi wetu alikuwa mzee Mutiso, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye alikukosoa kwa kunyamaza. Ukimletea kazi mbaya alinyamaza mpaka wewe mwenyewe ukairudisha kwenye benchi. Mimi na Nzioka alitufundisha pamoja. Mimi nilikuwa wa hapa hapa Matiliku, na Nzioka alikuja kutoka Migwani, kule Kitui, akiwa na godoro na kujiamini kwingi. Mimi nilianza kabla yake. Nasema hivyo kwa sababu watu husahau.

Siku ya kupewa wanyama Mutiso alimwangalia Nzioka, akampa tumbili, komba, mbega na wengine wote wanaoishi juu ya miti. Ukoo mzima, kwa mkupuo mmoja. Halafu akaniangalia mimi kwa muda mrefu sana, nikajua ananitafutia kitu kikubwa.

"Kimanzi," akasema, "wewe chukua kiboko."

Niliuliza kama ni kiboko peke yake ama kuna na kifaru. Akasema kifaru ana mwenyewe. Nikauliza habari ya mamba, kwa kuwa maji yao ni yale yale. Akanyamaza. Nikashukuru.

Nzioka alikuwa na utani wake, kwamba gogo likianguka tayari ni kiboko, limebakiza masikio tu. Aliusema kwa miaka, na watu walicheka kila mara, hata wale waliousikia juzi yake. Mimi pia nilicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini ninyi msimdharau kiboko. Kiboko ni mnyama wa mezani, na mnyama wa mezani asiyekaa sawa ni kuni. Mteja atampenda, atamlipia, atampeleka kwake, na siku ya kwanza akimgusa na kitambaa cha vumbi, mnyama atatikisika tik-tik-tik, na huyo mteja hatarudi. Kwa hivyo fanyeni hivi. Chukua ubao ulionyooka, upake masizi ya mkaa. Mkalishe mnyama juu yake, msukume kidogo huku na huku, umwinue. Palipoingia weusi ndipo palipogusa. Punguza hapo kwa tupa, mrudishe, mwinue tena, mpaka nyayo zote nne ziwe nyeusi kwa pamoja. Mimi nikimaliza huhesabu nyayo mara mbili. Mtu atasema kiboko ana nyayo nne, ya nini kuhesabu. Ngoja siku moja upate tatu.

Na mti ukaushe. Hili nitalisema mpaka nife. Gogo ligonge kwa mgongo wa tezo: likijibu kwa sauti ya mbali, kama mtu aliye kisimani, ni bichi. Likilia, limekauka. Ncha zake zipake rangi kuukuu ili lisikaukie nje likabaki bichi ndani. Nilipokuwa kijana nilichonga kiboko wa jakaranda mbichi kwa sababu ya haraka, na yule aliyemnunua akamrudisha akiwa amepasuka ubavu mzima. Nilimwambia huyo ni kiboko anayepiga miayo. Akaniambia mdomo uko upande ule mwingine. Tulibishana vizuri, lakini kusema kweli alikuwa na hoja.

Sasa nifike kwa Wanjiru.

Wanjiru ni msichana wa Emali. Wazazi wake walihamia pale kutoka sehemu za Murang'a wakafungua duka barabarani, naye alikulia pale akisikia Kikamba mpaka anakijua kuliko watoto wangu. Kazi yake sasa iko Nairobi, yeye na wenzake wanatengeneza katuni za watoto kwa kompyuta. Alikuja bandani akiwa na viatu vyeupe, akakaa kwenye gogo bila kupangusa, na hapo akina mama wa msasa wakampenda.

Alitueleza kwamba wamebuni dunia yao. Katika hiyo dunia hakuna ardhi. Chini kote ni maji, na miti imetokea majini ikapanda juu mpaka mawinguni, na kila chenye uhai kinazaliwa, kinaishi na kufa huko huko juu. Alitaka mnyama mmoja wa kuishi katika hiyo miti. Awe na manyoya, anyonyeshe watoto wake, lakini asiwe tumbili, wala komba, wala pimbi, wala kitu chochote ambacho mtoto amewahi kukiona. Wachoraji wao walikuwa wamejaribu kwenye kompyuta na kila mara alitokea paka. Kwa hivyo alitaka achongwe kwanza kwa mti, wamshike mkononi, wamgeuze, ndipo wamchore.

Halafu Nzioka akasema, bila hata kuinua macho, kwamba huyo ni wake, kwa sababu mzee Mutiso alimpa wote wa juu ya miti.

Nilikuwa nimengojea nafasi kama hiyo tangu ujana wangu.

"Mutiso alikupa waliopo," nikamwambia. "Huyu hayupo."

"Akishachongwa atakuwepo."

"Basi ni wa atakayemchonga."

Nzioka aliweka patasi chini. Watu wakaanza kuchukua upande, na wa kwangu niliwahesabu haraka, nikawahesabu tena, na hawakuongezeka. Ni Mama Mutheu aliyetuamua. Mama Mutheu ndiye mkubwa wa wanawake wanaosugua wanyama msasa na kuwapaka rangi ya viatu. Hao ndio wanaomshika kila mnyama mwisho, kwa hivyo wanajua makosa ya kila mwanaume pale ndani, na hawana tabia ya kuyaficha. Alisema tuchonge sote wawili, mtoto wa watu achague, na mnyama awe wa atakayechaguliwa, maisha yake yote, bila maneno tena. Na tena tupunguze kelele, kwa sababu vumbi peke yake linawatosha.

Muelewe nilichokuwa nakitafuta. Pesa ya Wanjiru ilikuwa nzuri lakini si hiyo. Nilitaka mnyama ambaye sikupewa kwa sababu wengine wameisha. Nilitaka mtu asimame mlangoni aulize, "Mwenye huyu ni nani?" na kidole kinyooshwe kwangu.

Nilichongea nyumbani, nyuma ya jiko, ili Nzioka asione. Nilichukua mukau wa Kitui niliokuwa nimeukausha vizuri, mti mwekundu mzuri usio na kinyongo, ukiukata unakubali. Nikampa mnyama wangu macho ya komba na pua ya pimbi. Mkia nikauzungusha mara moja na nusu. Kila mkono vidole vitano, nikavihesabu, nikarudia. Manyoya niliyachora kwa patasi ndogo, unyoya kwa unyoya, mpaka mke wangu akaniuliza huyo mnyama anaoa lini. Alikuwa mrembo. Nimejiuliza mara nyingi kama nasema hivyo kwa upendeleo na nimeona hapana.

Huku nyuma Nzioka hakuwa anachonga. Najua kwa sababu nilipita bandani kuazima tupa, na kesho yake nikapita kuazima tupa nyingine, na nyumbani nilikuwa na tupa tatu. Mara ya pili nilimkuta ananing'inia. Mtu wa umri wake, ameshika boriti ya banda kwa mikono miwili, miguu imekunjwa, macho yametazama juu, na akina mama wamekaa chini wanamhesabia kwa sauti.

Nikamuuliza kama ameibiwa ngazi.

"Nataka kujua shingo inaenda wapi," akasema, pumzi ikimkatika. "Ukining'inia, Kimanzi, huwezi kuangalia chini. Inakuuma. Unaangalia tu mikono yako."

Nilirudi nyumbani na ile tupa. Jambo lile liliniudhi njia nzima. Liliniudhi kwa sababu lilikuwa la maana na halikuwa langu.

Siku ya Wanjiru kurudi tulitoa meza nje. Mimi nilitangulia. Nilimfunua mnyama wangu kutoka kwenye kitambaa, nikamweka katikati ya meza, nikagonga meza kwa ngumi. Hakutikisika. Wanjiru akamzunguka, akainama, akampitishia kidole mgongoni. Alisema ni mzuri sana. Alisema hajaona manyoya kama hayo. Mimi nilikuwa nimeanza kumwangalia Nzioka kwa huruma.

Kisha Wanjiru naye akaibonyeza meza upande mmoja, pole pole.

"Anasimama vizuri, mzee," akasema. "Lakini huko kwao atasimama wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia huyu anasimama popote.

"Hakuna popote, mzee. Hakuna chini. Ni matawi tu."

Ndipo nilipomlaza mnyama wangu nikaangalia nyayo zake. Zilikuwa nne, bapa, sawasawa, na ndani ya mikwaruzo bado kulikuwa na masizi. Sikumbuki nikipaka ubao. Mikono ilikuwa imempaka, ikamkalisha, ikampunguza, ikamkalisha tena, bila kuniuliza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa imefanya miaka yote. Nilikuwa nimechonga kiboko mwembamba mwenye mkia.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo sehemu iliyouma. Mama Mutheu alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei, "Kimanzi, mkono wako ni mwaminifu."

Nzioka akamtoa wake mfukoni. Mfukoni, kama mtu anayetoa ndizi. Alikuwa wa ukubwa wa paka mdogo, bila mkia wa maana, mikono mirefu kuliko mwili. Akamweka mezani na yule mnyama akaanguka ubavu. Nzioka akamwinua, akaanguka ubavu ule mwingine. Alilala pale kama mbuzi aliyekula sumu, na mimi nikaanza tena kuhesabu uwezekano wangu.

Wanjiru akanyoosha mkono kumwokota, na vidole vya mnyama vikamshika kwenye kiganja. Akainua mkono. Mnyama akabaki pale, ananing'inia, akapembea mara moja, akatulia. Na alipotulia, uzito wake ukamgeuza uso, taratibu, mpaka akawa anamwangalia Wanjiru kutoka chini. Nzioka alikuwa ameupima uzito wa ule mwili hivyo, ili kwa vyovyote utakavyomning'iniza, uso urudi kumtafuta anayemshika.

Wanawake waliacha kusugua. Katika miaka yangu yote pale nilisikia msasa ukinyamaza wakati wa kulipwa tu.

"Huyu hashuki," akasema Mama Mutheu. Na jina likawa hilo, Hashuki.

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa maana mmeanza kunihurumia na ni mapema. Wivu una macho mazuri. Wengine walipokuwa wanashangaa, mimi nilikuwa nimeshahesabu vidole, na nikaona mlango.

"Vidole vitatu," nikasema. "Vingine viko wapi?"

Nzioka akasema havikuhitajika.

Nikamuuliza anakula nini. Akasema hajui. Nikamuuliza anakunywa wapi, kama maji yako chini na yeye hashuki. Akakuna shingo. Nikamuuliza anazaa wangapi, anamnyonyesha vipi mtoto na mikono yote imeshika tawi.

"Mimi sijui hayo, Kimanzi," akasema. "Anashika tu."

"Basi huyo si mnyama. Hiyo ni hanga ya koti."

Banda likacheka, na kicheko kilikuwa changu. Hata Nzioka alicheka kidogo. Nilikuwa nimerudi mchezoni. Lakini Wanjiru hakucheka. Aligeuka na Hashuki wake mkononi akaniuliza, kwa heshima kabisa, mimi nafikiri anakula nini.

Vijana, mimi nimeuza vitu tangu nikiwa na miaka kumi. Nimeuza maembe, nimeuza viatu vya mitumba, nimeuza kiboko aliyepasuka. Mteja akiniuliza swali siwezi kumwacha hivi hivi, ni ugonjwa. Mdomo ulijibu kabla yangu.

Nikamwambia anakula machipukizi na utomvu, kwa sababu hivyo havikimbii, na yeye hawezi kuachilia tawi afukuze kitu. Maji anakunywa kwenye manyoya yake mwenyewe: mawingu yakipita asubuhi yanamlowesha, naye anajiramba. Ndiyo maana manyoya ya bega ni marefu kuliko ya tumbo, si mnaona Nzioka amechora hivyo bila kujua kwa nini. Anazaa mmoja. Hawezi kuzaa wawili, maana mgongo ni mmoja na wangegombana. Chuchu ziko mbili hata hivyo, moja ya akiba.

"Ziko wapi?" akauliza Wanjiru. Alikuwa ametoa simu anaandika kwa vidole gumba vyote viwili.

Nikamwambia ziko kwapani. Zingekuwa kifuani, mama angehitaji kumshika mtoto, na mikono haina nafasi. Zikiwa kwapani, mtoto anajikunja pale ndani kama mtu chini ya mwavuli, ananyonya, mvua haimpati, na mama hajaachilia kitu.

Watu walikuwa wamesogea. Mama Mutheu alikuwa amekaa. Mimi nilikuwa nimepata moto kama siku ya soko, na ningeweza kuendelea mpaka kwa wajukuu wa huyo mnyama, wakati Wanjiru alipouliza inakuwaje Hashuki akifa. Anaanguka majini?

Niliangalia vile vidole vitatu vilivyokunjwa. Ni mti. Haufunguki.

"Haanguki," nikasema. "Hata akifa vidole havifunguki. Anabaki pale pale, na wenzake wakipita wanampita kwa upole. Tawi lenye mmoja wao halivunjwi."

Wanjiru aliacha kuandika. Nzioka alimchukua mnyama kutoka kwake, akampangusa uso kwa kidole gumba, akamrudisha. Hakuniangalia.

Ni hapo tu nilipoelewa nilichofanya. Nilikuja kumwua mnyama wa Nzioka kwa maswali, na nilikuwa nimemlisha, nimemnywesha, nimempa mtoto, na nimemzika.

Wanjiru alimchagua Hashuki. Wangu pia alitaka kumnunua, eti awekwe ofisini, nikakataa. Yuko kwangu mpaka leo. Mke wangu humweka mlangoni upepo usiufunge mlango, na sitadanganya, hatikisiki.

Sheria ya banda ikawa vile Mama Mutheu alivyosema. Hashuki ni wa Nzioka. Na katuni ilipotoka, mambo yakaharibika zaidi. Watoto wa huku wote wanayo kwenye simu. Watu wakaanza kuja bandani kutoka Wote, kutoka Kitui mjini, wakitaka Hashuki wa mti, na kila mmoja alikuwa akiuliza, "Nzioka ndiye yupi?" Niliyaona maduka yamemning'iniza mlangoni. Niliwaona walimu wamemning'iniza kwenye mikoba. Kuna mtu alitaka kumpiga Nzioka picha mimi nikiwa nimekaa kando yake, akaniomba nisogee kidogo, mzee, kivuli.

Siku moja mjukuu wangu alikuwa anaitazama hiyo katuni jikoni. Nikachungulia. Ilikuwa mvua, na Hashuki jike ananing'inia, na mtoto wake amejikunja kwapani ananyonya. Wamefanya vile vile, mpaka tone la maji linalopita kando.

"Hiyo kwapa ni yangu," nikamwambia.

"Kwapa gani, babu?"

"Hiyo. Ni mimi niliyeisema."

Akaniangalia kwa subira, vile watoto siku hizi wanavyotuangalia. "Babu, huyu ni wa mzee Nzioka. Hata mwalimu anajua."

Nikaenda kulisha kuku.

Na Nzioka mwenyewe hakuwahi kusema kitu. Hakujisifu, jambo ambalo ningeweza kulijibu, na hakunitaja, jambo ambalo sikuweza. Tulisalimiana, tulikunywa chai benchi moja, alinisogezea sukari. Miaka ikaenda. Nilimaliza kiboko wangu wa mwisho nikaenda nyumbani. Hadi sasa sijamuuliza kama alikumbuka siku ile, kwa sababu ningeuliza angejua kwamba mimi nakumbuka.

Msimu huu uliopita alikuja kwangu na kofia mkononi. Alikuwa anaenda Mwingi kununua mukau, na masikio yake yameanza kumdanganya: anagonga gogo na hawezi kusikia kama limekauka. Akasema hakuna mtu Makueni yote anayegonga gogo kama mimi. Nilimwacha aseme, nikamuuliza kama anamaanisha Makueni peke yake. Akaongeza Kitui. Nikakubali, kwa sharti kwamba mbele ya lori mimi ndiye nikae dirishani.

Lori lilikuwa la Abdi. Abdi ni mtu wa Mwingi, jamaa zake wako upande wa Garissa, na amenunua na kuuza mbuzi na ngamia tangu utoto. Lori ni la juzi tu. Tulifika, nikagonga magogo yote yaliyokuwa uwanjani pale kwa muuza mbao, nikakataa mengi, nikarudi nikayagonga tena yale niliyokataa ili muuzaji akate tamaa ashushe bei. Akashusha. Tulipomaliza kupakia, nilikaa kwenye gogo moja lililobaki nipumzike. Nzioka akatoa Hashuki mfukoni akampa Abdi, zawadi, kwa kuwa hakutusumbua na bei ya safari.

Abdi hakuwa amewahi kuona katuni. Alimning'iniza kwenye kioo cha dereva, akarudi nyuma hatua chache, akamwangalia vile anavyomwangalia mbuzi wa mtu mwingine. Kisha akasogea. Akamshika mbavu. Akamwinua mkono akachungulia, akamgeuza akaangalia nyuma.

"Ni jike huyu?" akauliza.

Nzioka akasema anafikiri ni jike.

"Anazaa wangapi? Na maziwa anayaweka wapi? Sioni kiwele."

Niliangalia magogo. Nilikuwa nimeapa siku nyingi kwamba siku Nzioka akiulizwa mbele yangu, sitafungua mdomo. Abdi hakujua kisa cha banda letu. Angeambiwa lolote. Nzioka angeweza kusema kwapani, mmoja, jina lake likazidi kwenda mbele, na hakuna mtu Mwingi nzima ambaye angejua tofauti. Angeweza hata kusema hajui, anashika tu, kama alivyosema siku ile, na maswali ya Abdi yangeishia hapo. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nahesabu matundu ya mchwa kwenye gogo.

"Mimi nilimchonga tu," akasema Nzioka. "Mikono hiyo ni yangu. Lakini kuishi, hayo yote ya kula na kunyonyesha, ni ya Kimanzi. Muulize Kimanzi, ndiye huyo hapo."

Nikainua kichwa.

"Unasema?" nikamuuliza.

Nilikuwa nimesikia. Masikio yangu mimi hayana shida yoyote. Nzioka ananijua, ananijua tangu benchi la Mutiso, na alijua nimesikia. Akageuka akanitazama usoni, akarudia, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapakiaji upande wa pili wa lori.

"Nimesema akuulize wewe, Kimanzi. Ni wako."

Abdi akamtoa Hashuki kwenye kioo, akaja naye. Nikamsogezea nafasi kwenye gogo, akaketi, akaniwekea mnyama mapajani.

"Haya, mzee," akasema. "Maziwa."

Nikauinua ule mkono mrefu wa Hashuki, nikaanzia kwapani.